Kimya Kinapohesabiwa Kuwa Neno: Ridhaa ya Bikira katika Fiqhi na Falsafa

Miongoni mwa hukumu za ndoa zinazofahamika sana kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, ni ile isemayo kwamba bikira akiulizwa kuhusu mchumba aliyeletwa kwake kisha akanyamaza, kunyamaza kwake kunatosha kuwa idhini. Asili ya hukumu hiyo ni hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, na kwa karne nyingi imetumika misikitini na majumbani kama jambo lisilohitaji maelezo. Hata hivyo, ndani yake mna swali zito linalogusa mawasiliano yote ya wanadamu, nalo ni hili: kwa haki gani msikilizaji anakichukua kitu kisichotamkwa, akakipa nguvu ya tamko, kisha akamfunga nacho mwenzake kwa maisha yake yote? Watu husomana nyuso na kupimana sauti kila siku, sokoni, kazini na mezani, na wakikosea usomaji huo mara nyingi hupatana kesho yake. Katika ndoa kosa hilo halirekebishiki kwa urahisi, na ndiyo maana mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walilazimika kulipima kwa uangalifu ambao si rahisi kuupata kwingineko.

Msingi wa mjadala uliwekwa mapema. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, sawa na 868 au 869 Miladia, alieleza katika kitabu chake al-Bayan wa al-Tabyin kwamba maana humfikia mtu kwa njia tano: tamko la ulimi, ishara ya kiungo, hesabu ya vidole, maandishi, na hali, yaani namna kitu kilivyo, ambayo humweleza mtazamaji jambo hata kama kitu chenyewe hakina ulimi. Katika mgawanyo huu, ishara na hali ni vitu viwili mbalimbali, na tofauti iliyopo kati yake ndiyo ufunguo wa suala zima. Ishara hutolewa na mtu anayekusudia kumfahamisha mwenzake jambo, ilhali hali hujionyesha yenyewe, mwenye nayo akipenda asipende. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1957 kuhusu maana, aliifafanua tofauti hiyohiyo kwa mfano wa mtu anayekunja uso. Uso ukikunjamana wenyewe kwa uchungu, mtazamaji hupata habari ya uchungu huo kama apatavyo habari ya mvua kwa kuona mawingu; lakini mtu akiukunja kwa makusudi ili mwenzake atambue kwamba amechukizwa, hapo amesema jambo, ingawa hakufungua kinywa. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kimya cha bikira ni kama ni ishara aliyoitoa mwenyewe au ni hali ambayo wengine wameisoma kwake.

Kurani yenyewe inazipa nyuso na sauti uzito mkubwa wa kimaadili. Sura ya Abasa, ambayo ni ya 80, inafunguka kwa lawama kuhusu uso uliokunjwa na mgongo uliogeuzwa pale Abdullah bin Ummi Maktum alipomjia Mtume (S.A.W.) wakati akizungumza na wakuu wa Makureshi. Bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, hakuuona uso ule, na kwa maana hiyo hakukuwa na ujumbe wowote uliomfikia kwa njia ya macho. Hata hivyo lawama ilishuka, kwa sababu ishara ya mtu ni tendo lake hata pale ambapo aliyelengwa hana njia ya kuipokea. Katika Sura ya Luqman, mzee mwenye hekima anamkanya mwanawe asiwageuzie watu shavu na ainamishe sauti yake, na katika Sura ya al-Israa hata mguno mdogo wa kuchoka umekatazwa mbele ya wazazi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliendeleza fikra hiyo katika Ihya Ulum al-Din alipoeleza kwamba kusengenya hakukomi kwenye ulimi, kwani anayetembea akichechemea ili kumwigiza kilema amesengenya kama aliyetamka. Mafundisho haya yote yanamtaka mtu awajibike kwa uso wake na sauti yake mwenyewe. Lakini kuwajibika kwa ishara uliyoitoa ni jambo moja, na kufungwa na maana ambayo wengine wameiweka juu ya kimya chako ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo fiqhi inapoingia.

Kabla ya kuingia huko, ni vyema kuiondoa njiani dhana moja ambayo imeenea katika semina na vitabu vya mafunzo, kwamba asilimia 7 tu ya mawasiliano hubebwa na maneno, asilimia 38 na sauti, na asilimia 55 na uso. Tarakimu hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, ambayo yalichunguza jambo finyu sana, yaani jinsi watu wanavyokisia hisia za kupenda au kutopenda pale ambapo neno moja moja linatamkwa kwa sauti au kwa uso usiolingana nalo, na Mehrabian mwenyewe alionya kwamba hazifai kutumiwa nje ya mipaka hiyo. Hakuna mizani ya jumla inayoweza kusema uso una thamani ya maneno mangapi. Kinachohitajika ni kujua ni nani anayeusoma uso huo, ana maslahi gani katika usomaji wake, na mwenye uso ana nafasi gani ya kumsahihisha.

Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria (820 Miladia), aliweka kanuni iliyo mashuhuri hadi leo kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Kanuni hiyo aliitumia hasa katika suala la ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni, ambapo baadhi yao walidai kwamba mwanachuoni mmoja akitoa rai na wenzake wakanyamaza, basi wote wamekubali. Shafii alikataa kuwatwisha watu kauli ambayo hawakuitoa. Ghazali, akiwa ndani ya madhehebu hayohayo, aliipanua hoja hiyo katika al-Mustasfa kwa kuorodhesha sababu zinazoweza kumnyamazisha mtu bila ya yeye kuridhika: huenda bado anafikiri, huenda anadhani wengine watasema kwa niaba yake, huenda anangoja wakati unaofaa, huenda anajua kwamba akisema hatasikilizwa na ataishia kudhalilika, au huenda moyoni mwake kuna kizuizi kisichoonekana. Mfano unaotajwa ni wa Abdullah bin Abbas. Katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab ulipitishwa uamuzi wa auli, ambao ni utaratibu wa kupunguza mafungu ya warithi kwa uwiano pale jumla yake inapozidi mali yote, na Ibn Abbas alinyamaza. Baada ya Umar kufariki, alitangaza kwamba hakubaliani na uamuzi ule, na alipoulizwa kwa nini hakusema wakati Umar yu hai, alijibu kwamba Umar alikuwa mtu wa kuogopewa, naye alimwogopa.

Jibu hilo linastahili kutafakariwa kwa utulivu. Ibn Abbas alikuwa binamu wa Mtume, mwanamume msomi ambaye Umar mwenyewe alimkaribisha katika baraza la wazee licha ya ujana wake, na suala lililokuwa mbele yake lilihusu hesabu za urithi wa watu wengine. Ikiwa kimya cha mtu wa daraja hiyo hakikuhesabiwa kuwa ridhaa, kwa sababu haiba ya msikilizaji iliuziba ulimi wake, ni kwa hoja gani kimya cha msichana wa miaka kumi na sita mbele ya baba yake mkubwa, au mbele ya shekhe na mashahidi wawili waliosimama mlangoni, kinahesabiwa kuwa ridhaa ya kuishi na mwanamume hadi kufa? Madhehebu yaliyofundisha kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema ndiyo hayohayo yaliyokubali kimya cha bikira, na mvutano huu hauwezi kupitwa juujuu.

Mafakihi waliuona mvutano huo na wakatafuta njia ya kuutatua. Utatuzi uliopata umaarufu zaidi ni ule uliokuja kuandikwa katika al-Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmania uliotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, ambao katika kifungu cha 67 unaikubali kanuni ya Shafii kisha unaiongezea sharti kwamba kunyamaza mahali penye haja ya kusema ni kusema. Kwa mujibu wa nyongeza hiyo, kimya hakina maana kikiwa peke yake, bali hupata maana kutokana na swali lililokitangulia. Mtu asiyeulizwa akinyamaza hakusema lolote. Aliyeulizwa, akijua kwamba jibu lake linangojwa na kwamba anaweza kukataa, akinyamaza amejibu. Maelezo haya ni mazuri, lakini mzigo wote yameuweka juu ya yale maneno machache yanayohusu kujua na kuweza kukataa. Yakiondolewa hayo, kimya kinarudi kuwa hali tupu, na hali ya msichana aliyeingiwa na hofu haitofautiani kwa macho na hali ya msichana aliyeona haya huku moyo wake umejaa furaha.

Ndiyo maana mazingira ya hadithi yenyewe ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mtume alipofundisha kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa hapo kabla asiozwe mpaka atoe shauri lake, na bikira asiozwe mpaka aombwe idhini, Bibi Aisha (R.A.) alieleza kwamba bikira huona haya, na kutokana na maelezo hayo likaja jibu kwamba kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Mpangilio huu unaonyesha kwamba lililotangulia ni wajibu wa kuuliza, na kwamba ruhusa ya kimya ilikuja baadaye ili kumwondolea binti uzito wa kutamka kwa ulimi wake kwamba anamtaka mwanamume. Ilikuwa ni huruma kwa mwenye kuulizwa. Kwa bahati mbaya, katika mikono ya walii asiye mwangalifu, ambaye ni mwanamume mwenye mamlaka ya kumwozesha binti, huruma hiyo hugeuka kuwa nafuu kwa muulizaji, kwa maana inampunguzia kazi ya kusikiliza.

Umbali ambao tafsiri inaweza kufika ikishika umbo la ishara na kuiacha roho yake unaonekana kwa Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 Hijria (1064 Miladia). Yeye alifuata madhehebu ya Dhahiri, yanayoshikamana na matamshi ya nassi bila kutafuta sababu zake, na katika al-Muhalla alifikia kusema kwamba idhini ya bikira haiwi ila kwa kunyamaza, kiasi kwamba akitamka waziwazi kuwa ameridhika, tamko hilo halitoshi. Ibn al-Qayyim, mwanazuoni wa madhehebu ya Hanbali, aliishangaa rai hiyo, na ni sawa kuishangaa, kwani inaifanya alama kuwa kubwa kuliko jambo linaloashiriwa. Kimya kilikubaliwa kwa sababu kilionyesha ridhaa. Inapopatikana ridhaa yenyewe kwa sauti ya wazi, haieleweki mwakilishi wake atakuwa na kazi gani.

Wengine walikwenda upande ulio kinyume, wakajaribu kukisoma kimya kwa makini zaidi kwa kutazama kila kilichoambatana nacho. Walikubaliana kwa jumla kwamba kicheko ni ridhaa, kisha wakakitoa kicheko cha dhihaka. Kuhusu machozi walitofautiana sana. Kwa Mashafii, kilio cha kimya hakibatilishi idhini, kwa kuwa binti huenda analia kwa kuagana na nyumba aliyokulia, ila kilio hicho kikifuatana na mayowe au kujipiga mashavu, hapo ni kukataa. Wahanafi nao wengi walitofautisha kilio chenye sauti na kisicho na sauti. Ibn Hajar al-Asqalani, mfafanuzi mkubwa wa Bukhari aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449 Miladia), anataja hata rai ya waliotaka kuangalia chozi lenyewe, likiwa la moto liwe dalili ya kukataa na likiwa la baridi liwe dalili ya kuridhia. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuidharau rai hiyo, lakini inafaa ieleweke kuwa nyuma yake kulikuwa na wasiwasi wa kweli: watu hawa walijua kwamba chozi moja linaweza kumaanisha mambo mawili yanayopingana, na walitamani ipatikane alama ya mwilini itakayowaepusha na dhuluma. Walichokosa kukiona ni kwamba alama hiyo haipo. Hakuna chozi lenye jibu ndani yake. Mtu akitaka kujua binti analilia nini, njia iliyo wazi ni kumuuliza tena, na kuwa tayari kusikia jibu lisilopendeza.

Rai zenye hekima zaidi katika mjadala huu ni zile zilizoacha kuuchunguza uso wa binti zikaanza kuichunguza namna ya kuuliza. Ibn Hajar ananukuu kwamba ni jambo la kupendeza bikira aelezwe mapema kuwa kunyamaza kwake kutahesabiwa idhini, na kwamba Ibn Shaaban, mmoja wa wanazuoni wa Kimaliki, alitaka aambiwe hivyo mara tatu, kwamba akiridhika anyamaze na akichukia aseme. Wako pia waliotaka wanaomuuliza wakae naye kwa muda mrefu, wasije wakamkurupusha na haya ikamzuia kuwahi kujibu. Katika madhehebu ya Hanafi, al-Marghinani, mwandishi wa al-Hidaya aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197 Miladia), alisisitiza kwamba mchumba atajwe kwa namna inayomtambulisha, ili binti apate kitu cha kukitaka au kukikataa. Tena katika madhehebu hayo, kimya mbele ya muulizaji asiye walii wake wa karibu hakitoshi, bali lazima atamke. Nao wafafanuzi wa Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho kimefundishwa katika vyuo vya pwani kwa vizazi na vizazi, akiwemo al-Khatib al-Shirbini, walipendekeza kwamba kazi ya kuomba idhini wapewe wanawake waaminifu watakaochunguza yaliyomo nafsini mwa binti, na kwamba mama ndiye anayestahiki zaidi kwa kuwa huyajua ambayo mwingine hayajui.

Maelekezo hayo yakikusanywa, sura nzima hubadilika. Binti aliyeelezwa siku kadhaa kabla ni nani aliyeleta posa, aliyezungumza na mama yake faraghani, aliyeambiwa kwamba akinyamaza atahesabiwa kuwa amekubali na kwamba akikataa neno lake litafika, kisha akanyamaza, huyo amekitumia kimya kama mwingine anavyolitumia neno. Kimya chake sasa ni ishara kwa maana ya al-Jahiz, na kwa maana ya Grice pia, kwa sababu amekitoa akijua kitasomwaje. Binti ambaye hakuelezwa lolote, akafunikwa kanga, akaulizwa mara moja kwa haraka huku mapishi yako jikoni na wageni wamekwisha kufika, hajasema kitu, hata akiwa ameinamisha kichwa kwa namna ileile kabisa.

Katika nyumba nyingi za pwani, idhini huchukuliwa katika chumba ambacho binti amekaa na somo yake au kungwi, wanawake wanaomfunda mambo ya unyumba, pamoja na shangazi na mama wadogo. Shekhe au walii husimama mlangoni au huketi kando, humtaja mchumba na mahari, kisha huuliza. Jibu linalotoka huwa dogo kiasi kwamba huishia ndani ya kanga, na aghalabu ni shangazi anayelipokea kwa sikio lake na kulipeleka mlangoni, kwamba amekubali. Kinachosikika nje ni sauti ya shangazi: sauti ya mtu mzima, iliyonyooka, isiyo na mtetemo wowote. Vigelegele hufuata papo hapo, na baada ya vigelegele ni vigumu mno kwa binti kufafanua kwamba hakusema hivyo. Wahusika wote hao huenda wana nia njema, na shangazi huenda amesikia sawasawa. Lakini kati ya ulimi wa binti na masikio ya mashahidi kumewekwa sauti nyingine, na kile ambacho sauti ya binti ingeweza kukieleza kwa kusita kwake, kwa pumzi yake, kwa namna ilivyokatika katikati, kimebakia chumbani. Mashafii wanapopendekeza ridhaa ya mwanamke ishuhudiwe, ni vigumu kuamini kwamba kusudi la pendekezo hilo linatimizwa na ushahidi juu ya sauti ya shangazi.

Ni lazima pia lisemwe jambo ambalo wahubiri wengi hulipitia mbali. Katika madhehebu ya Shafii, baba, na baba wa baba pale asipokuwepo baba, ana daraja ya walii mujbir, yaani walii anayeweza kumwozesha bikira bila ya kuhitaji idhini yake, kwa masharti kadhaa kama vile mchumba awe anayelingana naye na kusiwe na uadui wa dhahiri kati ya baba na binti. Kumuuliza ni sunna inayopendeza tu. Kimya kinachojadiliwa kwa kina katika vitabu hivyo ni kile cha bikira mbele ya walii mwingine, kama kaka au ami, na hata hapo Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), alipoandika kwamba kimya kinatosha, alitumia istilahi ambayo kwake humaanisha kwamba upande wa pili wa hitilafu nao una nguvu. Kwa hiyo rai ya kutaka tamko la sauti haikuletwa na wageni wala na mambo ya kisasa, bali imo ndani ya madhehebu tangu zamani. Wahanafi kwa upande wao hawakumruhusu baba kumlazimisha binti aliyebaleghe, na Ibn Taymiyya pamoja na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, ingawa walikuwa katika madhehebu ya Hanbali ambamo rai mashuhuri inampa baba uwezo huo, waliikataa waziwazi.

Lipo jambo jingine katika madhehebu ya Shafii linalofanya suala hili liwe chungu zaidi. Katika biashara, rai mashuhuri ya Mashafii ni kwamba mauziano hayatimii ila kwa tamko la kutoa na la kupokea. Mnunuzi anayeweka sarafu mezani na kuchukua mkate bila ya mmoja wao kusema neno hajafanya mkataba ulio sahihi, na Nawawi ndiye aliyechagua rai nyepesi zaidi inayokubali mauziano ya kimya pale ambapo desturi ya watu inayahesabu kuwa mauziano. Sababu ya ukali huo ni kwamba ridhaa hukaa moyoni, haionekani, na kwa hiyo ulimi umefanywa kuwa kithibitisho chake. Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Lakini ikiwa mkate unahitaji ulimi kwa kuwa moyo hauonekani, itakuwa haki kuuliza kwa nini moyo wa binti umeonekana kirahisi kiasi hicho.

Wanafalsafa wa lugha wa karne ya 20 walilifikia jambo hilihili kwa njia yao. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na kuchapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo hilo hutimia tu pale ambapo msikilizaji analipokea kama lilivyo. Rae Langton, katika makala ya mwaka 1993, aliendeleza fikra hiyo kwa kuonyesha kwamba mwanamke anaweza kutamka neno la kukataa na bado asifanikiwe kukataa, ikiwa mazingira yake yamefundishwa kulichukua neno hilo kuwa haya, madaha au desturi ya wanawali. Hapo anakuwa na sauti lakini amenyamazishwa. Fikra hii inasaidia kueleza kwa nini haitoshi kumwambia binti aseme akichukia. Pale ambapo kulia ni desturi ya kila bibi harusi, anayelia kwa kukataa hana kilio chake mwenyewe. Alama aliyokuwa nayo imekwisha kutumiwa na wote kwa maana nyingine.

Mfano wa msikilizaji aliyeiacha wazi njia ya kukataa upo katika sira, nao ni kisa cha Barira kilichopokewa na Bukhari. Barira alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na uhuru huo ulimpa hiari ya kuachana na mumewe Mughith, ambaye bado alikuwa mtumwa. Mughith alimpenda kupita kiasi, na alionekana akimfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume alimwonea huruma, akamwambia Barira amrudie. Barira hakunyamaza, wala hakukimbilia kutii. Aliuliza kama hiyo ilikuwa amri. Alipojibiwa kwamba ni uombezi tu, alisema hana haja naye, na mambo yakaishia hapo bila ya kulaumiwa. Mwanamke aliyekuwa mtumwa muda mfupi kabla alijua kwamba kauli ileile, yenye maneno yaleyale, inaweza kuwa amri au ombi, na kwamba haki yake ya kukataa inategemea ni ipi kati ya hizo mbili. Alithubutu kuuliza kwa kuwa sauti iliyokuwa ikimsemesha haikuwa imemzibia swali hilo. Khansaa binti Khidham, aliyeozwa na baba yake kinyume na matakwa yake baada ya kuwa amewahi kuolewa, naye alipata pa kuyapeleka malalamiko, na ndoa yake ikavunjwa. Katika riwaya nyingine iliyopokewa na Ibn Majah na wengineo, binti aliyeozwa kwa mtoto wa ami yake ili baba ainue hadhi yake alipewa hiari, akasema kwamba ameipitisha ndoa ile, ila alitaka wanawake wajue kwamba akina baba hawana mamlaka hayo. Huyu alihitaji kwanza kuthibitishiwa kwamba angeweza kukataa, ndipo kukubali kwake kukawa ni kwake.

Sheria za nchi zimeligusa jambo hili kwa sehemu tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, katika kifungu cha 16, inataka ridhaa iliyo huru na ya hiari ya pande zote mbili, lakini kifungu chake cha 13 kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Nchini Kenya, ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 inaifanya ridhaa huru kuwa msingi wa ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18. Umri ni jambo kubwa, kwa sababu mtoto hana nguvu za kumkatalia mtu mzima hata akipewa nafasi ya kusema. Lakini hakuna kifungu kinachoweza kumfundisha anayeuliza namna ya kukaa kimya yeye mwenyewe kwa muda wa kutosha ili asikie.

Hilo limebakia mikononi mwa masheikh, makadhi, mawalii na akina mama, na halihitaji madhehebu mapya. Maelekezo yote yaliyotajwa yamo katika vitabu wanavyovisomesha: kumtaja mchumba kwa jina na nasaba, kumwachia mama aulize faraghani siku kadhaa kabla, kumweleza binti kwamba kimya chake kitachukuliwaje, kukaa naye bila haraka, na kuisikia sauti yake kabla ya kuisikia ya shangazi. Na binti akilia kwa namna ambayo haieleweki, shekhe ana uwezo wa kufunga daftari lake na kuwaambia wenye nyumba kwamba atarudi juma lijalo. Wageni watanung'unika na pilau litaliwa bila harusi, lakini hakuna nguzo ya ndoa itakayovunjika, mahari haipotei, na mchumba mwenye nia ya kweli atakuwepo juma lijalo kusikia jibu.